Muhogo wa Majani Safi

Mimi Tereza napenda kusifiwa, nakubali. Sifa ndizo zilizoniponza.

Mwaka jana ugonjwa wa batobato ulipovamia mihogo hapa Kigongo, majani ya watu yalijikunja na kuingia madoa ya njano. Yangu yakabaki kijani, yamenyooka. Watu wakaja kuomba mbegu. Kwetu pingili za muhogo haziuzwi wala mtu hanyimwi; anayeomba anakatiwa, anafunga mzigo wake, anaenda kupanda. Nilikatia kaya kumi na moja. Mzigo mnene kuliko yote niliuvusha ziwa mwenyewe hadi Busisi kwa Bernadeta, mama yake mkwe wangu Gladness, aliyeolewa na mwanangu Luhende. Nilitaka aone binti yake kaolewa kwa watu gani.

Gladness alikuwa na kipande chake cha mihogo nyuma ya nyumba, mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao. Majani ya chini yalikuwa yamejikunja, yanatia aibu. Ya juu yalitoka safi, lakini mimi niliyatazama ya chini tu.

“Ng'oa takataka hizo kabla hazijaniambukizia shamba,” nilimwambia. “Choma, upande zangu.”

“Mama, huwa zinaanza hivyo, halafu zinapona.”

“Unanifundisha kulima?”

Aling'oa. Nilisimama pale mpaka moto ukazima.

Wiki hii nimeanza kuvuna. Muhogo wa kwanza nilioukata ulikuwa na mabaka ya kahawia ndani, mkavu, mchungu. Wa pili hivyo hivyo. Kufika wa kumi nikatupa panga chini, maana hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima. Nikamwita Revocatus, bwana shamba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hebu tazama balaa hili.”

Alipasua mitatu, akaipanga mbele yangu.

“Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, mama. Mmea wako haukupigana na ugonjwa. Umeubeba kimyakimya, majani yanapendeza huku mizizi inaoza. Na kila pingili uliyokata imeondoka nao.”

“Mmea unapiganaje? Una mikono?”

“Unapigana kwa ndani. Ipo mihogo inayougua majani ya chini, ikishapata nguvu ya kuuzuia ugonjwa, majani mapya yanatoka safi. Ukiona muhogo wa hivyo usiuguse, niite. Huo ndio wa kujaribiwa kwa mbegu.”

Nilikaa chini kwenye udongo. Gladness alikuwa nyuma yetu na beseni, amesikia kila neno. Niliomba moyoni anitukane, ningepumua. Aliokota mihogo iliyopasuliwa, akaitia kwenye beseni.

Revocatus alipoondoka nikajikaza.

“Gladness, ulibakiza hata shina moja?”

“Hapana, mama. Ulikuwa umesimama unaangalia.”

“Na kwenu Busisi? Mama yako si anayo mbegu ile bado?”

Aliweka beseni chini taratibu.

“Alikuwa nayo shamba zima. Ulipompelekea mzigo wako aliing'oa yote. Alisema hawezi kupanda zawadi ya mkwe pembezoni mwa shamba.”

Nililia mbele yake, mimi ambaye tangu aolewe sijawahi kumwomba samahani hata ya kumkanyaga. Alinishika mkono, akaninyanyua.

“Futa machozi, mama. Kaya kumi na moja zinasubiri kuambiwa, na kwetu Busisi ya kumi na mbili.”

“Tuanze kwa mama yako,” nilisema.