Ujumbe Mtupu wa Bibi Mwajabu

Ikram alipanda basi la Kondoa na furaha yake yote. Mkobani alikuwa na miwani myeusi ya bibi yake, maana alijua atamkuta amefungwa bandeji jicho la kulia. La kushoto presha ya macho ilishalimaliza. Daktari aliyempima alisema la kulia litapona akiwahi upasuaji, la sivyo litamfuata mwenzake, na kwa ugonjwa ule nuru ikishazimika hairudi. Kambi ya madaktari wageni ilikuwa imefanyika Kondoa wiki iliyopita, na aliyewatumia wagonjwa ujumbe wa kuwaita ni Ikram mwenyewe, kwenye kompyuta ya shirika lao dogo pale Kizota.

Hakumpigia bibi simu. Alitaka Bibi Mwajabu aitwe kwa heshima, kwa ujumbe wenye jina lake kamili, asomewe na majirani, atambe kidogo. Na tuseme ukweli: kupiga simu kulikuwa kumemshinda siku nyingi. Kila jioni alisema kesho.

Alimkuta uani, kakaa kwenye kigoda, anachambua mchicha kwa kupapasa. Bandeji haikuwepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ikram?" Mkono wa bibi ulinyooka upande ambao Ikram hakuwepo.

"Bibi, hukwenda kambini? Hukupata ujumbe?"

"Kambi gani? Ujumbe wako niliupata." Bibi alifungua pindo la khanga, akatoa simu yake ndogo. "Edina wa hapo jirani ndiye aliyenisomea. Akasema umetoka ofisini kwenu, ila hauna neno hata moja. Nikajua ni mjukuu wangu, kanikumbuka."

Ikram aliutafuta ujumbe, akaufungua. Weupe mtupu. Papo hapo akajua alichokifanya.

Akina Mwajabu Ibrahimu ni wengi Kondoa. Kwa hiyo aliiamuru kompyuta ichukue tarehe ya kuzaliwa ya kila mgonjwa, iigeuze kuwa maandishi, kisha iiunge na jina na maelezo ya kambi, ili kila mtu ajue anayeitwa ni yeye. Wazee wasiojua tarehe zao waliandikiwa Januari mosi. Ukiiamini orodha ile, nusu ya wazee wa wilaya walizaliwa siku moja, na wakunga siku hiyo hawakula wala hawakunywa. Ikram alikataa kumwandikia bibi yake uongo. Bibi alizaliwa watu wakivuna ulezi, basi, mwaka haujulikani. Dhara, mwenzake wa meza ya pili, alimwambia, "Weka Januari mosi tuendelee." Ikram akaiacha nafasi ile wazi, akajiona mkweli kuliko wote.

Akasahau jambo analolijua kila mtu wa kazi ile. Ukiiambia kompyuta iunge maneno na nafasi isiyo na kitu, haikuachii hata yale maneno uliyokuwa nayo. Jina la bibi, siku ya kambi, mahali pa kufika, vyote vilimezwa na tarehe ambayo haikuwepo. Kinga yake ni neno moja tu kwenye amri, la kuiambia kompyuta iiruke nafasi tupu, nalo hakuliandika. Aliujaribu ujumbe kwa tarehe ya Dhara, ukatoka safi, akaenda zake kula chipsi.

Alimweleza bibi yote, analia. Bibi alisikiliza, mchicha umemlalia mapajani.

"Na jicho, bibi? Linaona hata kidogo?"

"Lilizimika juzi. Niliamka nikadhani bado hakujakucha, nikalala tena. Edina ndiye aliyeniambia jua limeshapanda."

Ikram aliuma pindo la hijabu yake. Angetukanwa angepumua. Hakutukanwa.

"Ungeandika tu hiyo Januari, mama," bibi alisema taratibu. "Mimi ningekukatalia nini?"

Ikram aliitazama ile simu mkononi mwake, na ule weupe ukamchukiza. Akaanza kubonyeza aufute. Simu ilikuwa ya vitufe, kila kimoja na mlio wake.

"Unafanya nini?"

"Naufuta, bibi."

Bibi akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata simu, akaifunika kwa kiganja.

"Usiufute. Mwaka huu hujanitumia mwingine."