Wafalme Hamsini na Wawili Bombani

Saa moja asubuhi, siku ya sita tangu mkewe ajifungue, Nikolao aliweka dumu lake bombani pale Newala, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko kama alivyoagizwa. Wengine hawakuagizwa. Ni yeye tu, kwa sababu mji mzima ulijua mikono yake ina ufundi.

Ufundi huo aliupata Tanga, miaka aliyokata mkonge, kwa pakiti moja ya karata za kawaida ambayo alikuwa nayo mpaka leo. Miaka kumi na tisa ya kuficha karata nyuma ya kiganja, kuchanganya bila kuvuruga mpangilio, kuiibua kopa kwenye kofia ya bwana harusi. Watu walicheka, wakampa pilau, basi. Bombani hajawahi kumdanganya mtu hata siku moja, na kushukiwa hivyo ndiko kulikomuudhi kuliko yote.

Zamani ndoo zilipangwa mstari, na aliyeondoka kidogo aliacha jiwe lishike nafasi yake. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, bomba lilikabidhiwa kwa Sadallah, mfanyabiashara kutoka Masasi, kijana mwenye adabu zake. Sadallah aliona mawe ni mambo ya kale. Akaleta karata mpya za plastiki, zinang'aa. Kila asubuhi kila mtu anachomoa moja. Aliyepata mfalme anateka. Aliyekosa anasubiri mabaki, na tangi lile halikuwahi kuwa na mabaki.

Pakiti zilikuwa mbili. Kwenye nyekundu walichomoa mwenye baa, mwenye lori na mashemeji wa Sadallah. Kwenye ya bluu walichomoa watu waliobaki, na tangu mwezi wa nane kila aliyechomoa humo alipata tatu ya pau. Watu waliipokea tatu yao, wakaguna, wakasema leo bahati imekataa.

Nikolao alikuwa ameeleza mpaka amechoka.

"Jamani, pakiti nzima ina tatu ya pau moja. Moja tu! Hizi ni karata za kiini macho, zinatengenezwa hivyohivyo. Hazihitaji hata ujuzi, anaweza kuzichezesha mbuzi!"

"Baba Gasper," alimjibu Adija, muuza vitumbua, kwa upole wa mtu anayemwongelesha mgonjwa, "karata za watu zimetoka kiwandani, zimefungwa na nailoni yake. Mwenye vidole hapa ni wewe."

Wengine wakaitikia kwamba ni kweli. Nikolao alitamani kulitupa dumu lile likafike Ruvuma.

Asubuhi hiyo Sadallah alimwamkia kwanza. "Shikamoo, Baba Gasper."

"Marahaba."

"Leo naomba uchomoe kwa meno. Watu wananilalamikia."

Nikolao aliinama akachomoa kwa meno. Tatu ya pau. Nyumbani mkewe Magdalena hakuwa ameoga tangu juzi, na kitovu cha mtoto kilikuwa kimeanza kunuka. Mkunga alisema kisafishwe kwa maji ya kuchemsha asubuhi na jioni, akaondoka, kana kwamba maji yanachotwa chini ya kitanda.

Nikolao aliitema ile tatu, akaikwapua pakiti nyekundu na kuimwaga yote mezani.

"Haya, tazameni wenyewe!"

Watu walitazama. Walikuwa wafalme wa kopa hamsini na wawili, na wafalme nao waliwatazama watu. Kisha wakainuka mezani mmoja mmoja, wakakua kufikia kimo cha mtu mzima, wakachukua madumu yaliyokuwa yamerundikwa ukutani na kujipanga mbele ya bomba. Kila mmoja alikuwa na upanga nyuma ya kichwa. Miguu hawakuwa nayo, kwa kuwa chini ya kiuno kilianza kichwa kingine, kwa hiyo walitembea kwa kupinduka.

"Shikamooni," alisema Adija.

"Marahaba," waliitika, kwa vinywa mia moja na vinne. Watu wakasogea kuwapisha.

Sadallah alifikiri kidogo, akaamua kwamba mwenye vichwa viwili ni watu wawili. Kila mfalme akatekewa madumu mawili.

"Lakini hizo ni karata!" Nikolao alipiga kelele.

"Ndiyo," alisema Sadallah. "Na karata ndiyo inayoteka. Mbona utaratibu unaujua, Baba Gasper?"

Nikolao alitoa mfukoni pakiti yake mwenyewe, iliyolainika kama kitambaa. Mfalme wa kopa humo alikuwa mmoja, pembe moja imegugunwa na panya. Hakumficha wala hakumzungusha. Alimlaza tu mezani, mikono ikiwa mitupu mpaka viwikoni. Mfalme akainuka kwa shida, akawaamkia wote, akaenda mwisho kabisa wa mstari.

"Nani wa mwisho hapa?" aliuliza.

Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane Nikolao alijisikia nafuu. Sadallah alimtazama mgeni kuanzia kichwa cha juu mpaka kichwa cha chini.

"Huyu katoka kwa Baba Gasper," alisema. "Mzee, kunja mikono ya joho."

Mfalme alikunja, ya juu na ya chini. Adija akampekua makwapani.

"Mimi simwamini," alisema Adija, tatu yake ya pau ikiwa bado mkononi. "Ametokea mmoja peke yake."

Wakati huo bomba lilikohoa mara mbili, likatoa upepo. Wale hamsini na wawili walikuwa wameshika njia ya baa, wanapinduka na madumu yao, hawamwagi hata tone.

Nikolao alirudi nyumbani na mfalme wake, dumu tupu limeshikwa na wote wawili. Magdalena alimkaribisha mgeni, akamsogezea kigoda, kisha akauliza maji yako wapi. Nikolao alimwonyesha viganja vyake, mbele na nyuma, kama alivyozoea kufanya harusini. Magdalena akasubiri kidogo, maana harusini hapo ndipo kitu hutokea. Halafu akachukua pindo la kanga, kavu, akaanza kukifuta kitovu cha mtoto.