Nukta Kwenye Ncha ya Jino

Ile mashine ya kunolea misumeno pale kiwanda cha pamba cha Tejen haikuwa kitu cha kumsimamisha mtu. Chuma cheusi kimo cha mbuzi, jiwe la kunolea la ukubwa wa kisosi, na kidole cha chuma kinachousukuma msumeno wa duara jino kwa jino, tek, tek, tek, meno mia mbili na themanini, kisha unatolewa, unawekwa mwingine. Wageni wakija kutembelea kiwanda walipitishwa mbiombio mlangoni pa karakana ile, wakapelekwa kwenye vinu vinavyotenganisha pamba na mbegu, maana huko ndiko kwenye kelele na mawingu meupe. Haya, waende. Lakini kila kinu kimebeba misumeno themanini kwenye mhimili mmoja, na misumeno ikiwa na meno mabovu, hata kinu kiwe cha dhahabu, ni bure kabisa.

Fundi Tagan alikuwa ameikalia mashine hiyo miaka ishirini na sita. Siku aliyokabidhiwa ilikuja vipande vipande kwenye kreti, na aliiunga mwenyewe, kwa hiyo ukiisema vibaya umemsema yeye. Pembeni yake, kwenye sanduku la mchanga, alifanya kazi Bossan, mke wa mwanawe Dovlet. Msumeno ukitoka kwenye jiwe huwa na vinyweleo vya chuma kwenye meno, na kazi ya Bossan ilikuwa kuuzungusha mchangani mpaka vinyweleo viishe.

Walifanya kazi bega kwa bega miaka miwili, na kwa miaka minne walikuwa wamekaa nyumba moja, na Bossan hajawahi kumtamkia mzee huyo neno. Hata moja. Mkaza mwana hasemi mbele ya baba mkwe. Hubana ncha ya mtandio kwa meno na kunyamaza, mpaka siku mzee mwenyewe atakapomfungua mdomo kwa zawadi mbele ya watu. Fundi Tagan hakuwa mkatili. Mwaka wa kwanza alifiwa na kaka yake, karamu ya kumfungua mdomo ikaahirishwa. Mwaka wa pili kondoo walikufa kwa baridi. Mwaka wa tatu, tuseme kweli, alisahau. Na nani wa kumkumbusha, wakati mwenye haja amefungwa mdomo?

Bossan hakumwekea kinyongo. Alipoletwa bi harusi, akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ni mzee huyu aliyekuwa akisukuma nyama nzuri kwenye upande wake wa sinia bila kumtazama, na ni yeye aliyekataza asitumwe maji wakati wa theluji. Alimpenda. Ndiyo maana jambo lile lilimnyima raha tangu matunda ya forosadi yalipoiva.

Jambo lenyewe ni hili. Jino butu ukiligeuzia dirisha hung'aa nchani, nukta nyeupe kama punje ya ufuta. Unanoa nukta ipungue, ipungue, ibaki ndogo ya kuitafuta kwa jicho, hapo unaacha. Ukiimaliza kabisa, jino linakuwa sindano, na sindano haivuti pamba bali inaikata. Kila mtu karakanani alijua hivyo, na aliyewafundisha ni Fundi Tagan. Sasa misumeno ilikuwa inatoka kwake bila nukta hata moja. Mzee alikuwa hazioni. Aliweka jiwe kwa kusikiliza, kisha akajaribu jino kwa kidole gumba, na kidole gumba kinapenda ukali, hakijui kusema basi.

Bossan alikuwa akimsitiri. Aliikalisha misumeno mchangani mara tatu ya muda wake ili ncha zififie kidogo. Lakini kwa siku aliweza ishirini, na kinu kinataka themanini. Iliyobaki ilikwenda hivyo hivyo na usindano wake, na pamba ikakatika. Jumatatu injinia akatangaza kwamba mashine ya kunolea imekwisha. Alhamisi ingepakiwa kwenye lori pamoja na vyuma chakavu, misumeno iwe inapelekwa mjini, na Fundi Tagan apumzike. Apumzike! Bossan aliwajua wazee waliopumzishwa. Walikaa kwenye benchi la ukuta wa stesheni wakihesabu mabehewa, na mwaka haukuisha wakiwa hai.

Jumanne alimfuata Nobat, fundi wa tupa, mwenye meza yake upande wa pili wa karakana. Nobat ndiye aliyekuwa mdomo wake. Bossan akiwa na neno kwa baba mkwe humnong'oneza Nobat, na Nobat hulipeleka kwa sauti ya mnadani.

“Kaka Nobat, mwambie baba nukta hazipo.”

“Nukta zipi?”

“Za meno. Anazimaliza zote. Haoni.”

Nobat akaweka tupa chini. “Wee! Bi harusi, mimi nimekuwa redio ya ukoo wenu miaka miwili. Nimetangaza chai imeiva, nimetangaza mchanga umekwisha. Siku ulipoomba ruhusa ya harusi ya dada yako nikaongeza na salamu ambazo hukutuma.”

“Na chumvi yako.”

“Na chumvi yangu, bila hivyo nani angesikiliza? Lakini hili, hapana. Mtu alinifundisha kushika tupa, leo nimwambie amekuwa kipofu? Mwambie mama mkwe wako.”

“Nilimwambia.”

“Akasemaje?”

“Akasema anajua, na nikilirudia atanitoa jikoni kwake.”

“Umeona sasa.” Akachukua tupa yake, lakini hakuitumia.

Alhamisi asubuhi lori lilikuwa getini. Injinia Saparov aliingia karakanani na shada la pamba mkononi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu, na alivijua vitu vingi kutoka vitabuni. Alizivuta nyuzi mbele ya uso wa mzee.

“Tazama, fundi. Fupi. Na vifundo juu yake. Shehena nzima imerudishwa.”

Fundi Tagan alizichukua nyuzi bila kuzitazama. Alizisugua kati ya vidole. “Imekatwa,” akasema.

“Imekatwa, ndiyo. Mhimili wa mashine yako unacheza.”

“Mhimili hauchezi. Ungecheza ningeusikia.”

“Basi kosa liko wapi?”

Mzee alichukua msumeno uliotoka kwenye jiwe muda ule, akauinua kwenye dirisha kama alivyoinua maelfu, akaugeuza robo, akaugeuza robo nyingine. Kisha, pasipo kumgeukia mtu, akauliza karakana nzima:

“Nukta ipo au haipo?”

“Ipo, fundi,” Nobat akasema. “Safi kabisa.”

“Basi yamekwisha,” Saparov akasema. “Kama meno ni mazuri na pamba inakatika, kosa ni la mashine. Waite wapakizi.”

Masikini Nobat! Alisema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyokuwa inaipandisha mashine kwenye lori. Bossan alimtazama baba mkwe. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya chuma kile, hasukumi, hashiki, ameweka tu. Aliijua aibu inayomngoja, aliwajua na wanawake watakaoibeba nyumba kwa nyumba. Akapiga moyo konde. Akaitoa ncha ya mtandio kinywani.

“Haipo!”

Sauti ilimtoka nzito, kubwa kuliko alivyokusudia. Fundi Tagan akageuza kichwa, tena si upande wake hasa.

“Nani huyo?”

Miaka minne anampikia, anamfulia, anamtandikia, na mzee hakuijua sauti yake. Hilo lilimchoma Bossan kuliko aibu yote aliyoiogopa.

“Ni mimi, baba. Bossan.”

“Mke wa Dovlet?”

“Ndiyo, baba. Nukta haipo kwenye huo, na haikuwepo kwenye ya jana. Mashine haina kosa. Ni macho yako.”

Ilikuwa imeshasemwa. Nobat aliinamia meza yake kama aliyedondosha skrubu. Saparov akatazama shada lake la pamba. Mzee aliuliza, taratibu, “Tangu lini?”

“Tangu forosadi zilipoiva.”

“Mbona mingine ilikuwa ikipita?”

“Naikalisha mchangani mpaka ncha zipungue. Siwezi yote.”

“Kumbe!” Akapapasa kigoda chake, akakaa. “Ndiyo maana unachelewa. Na mimi nimemwambia mama yenu kwamba Dovlet ametuletea mvivu. Nimemwambia hivyo mara tatu.”

“Nne, baba. Ukuta wenu ni mwembamba.”

Nobat akapasuka kicheko, akajiziba mdomo kwa mkono wenye grisi. Fundi Tagan hakucheka, ila uso ulimlegea. Akainuka tena, akakigonga kigoda kwa kiganja.

“Kaa hapa.”

“Mimi, baba?”

“Nobat si amekwisha kutuambia anavyoona? Kaa wewe.”

Bossan akakaa kwenye kigoda ambacho hata Dovlet hakuwahi kukikalia. Mzee akasimama nyuma yake, mkono mmoja kwenye skrubu ya jiwe, sikio limeelekea chini. Mashine ikaanza. Tek, tek, tek.

“Sema.”

“Bado, baba.”

“Sema.”

“Bado. Bado kidogo. Basi! Baba, basi, nimesema basi!”

Jiwe likainuliwa. Saparov alikwenda na ule msumeno dirishani, akakaa nao muda mrefu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona nukta yenyewe nje ya kitabu. Akawapa mpaka kesho jioni wanoe misumeno yote ya kinu kimoja. Lori likaondoka na mabati na mabomba. Ijumaa saa tisa Saparov mwenyewe alichomoa pamba kwenye kinu hicho, akaivuta mbele ya wote, na nyuzi zilikuwa ndefu, laini, hazina kifundo. Alifuta tu jina la mashine kwenye orodha yake, akampa mzee mkono.

Lakini kijiji nacho kina injinia wake. Jioni hiyo hiyo alifika shangazi Enegul, dada mkubwa wa Fundi Tagan, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa kwenye aibu ya mtu. Aliwakuta wamekaa kwenye busati wanakula, na Nobat yumo, maana Nobat hunusa sinia la nyama kutoka mtaa wa tatu. Shangazi hakungoja hata chai.

“Tagan, nimesikia ni kweli? Mkaza mwana kafungua mdomo kabla hajafunguliwa? Tena mbele ya wanaume? Tena kukuita kipofu?”

Bossan, aliyekuwa mlangoni na birika, alirudisha ncha ya mtandio kinywani. Mama mkwe wake akatazama mkate.

“Nilimwuliza,” Fundi Tagan akasema.

“Ulimwuliza nani?”

“Yeye. Niliuliza, nukta ipo au haipo. Nilimwuliza mwenye macho, mwenye macho akanijibu. Ulitaka nimwulize halafu anyamaze? Huo ndio ungekuwa utovu wa adabu.”

Shangazi akamgeukia Nobat. “Wewe ulikuwepo. Alimwuliza yeye?”

Nobat alikuwa amesikia kwa masikio yake lile “nani huyo.” Akatafuna, akameza, akafuta midomo.

“Alimwuliza yeye, shangazi,” akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza kitu.

Fundi Tagan akamwambia mkewe alete mtandio wa hariri kutoka kasha kubwa, ule ulionunuliwa mwaka wa msiba. Ukaletwa, una harufu ya dawa ya nondo na sabuni. Alimkabidhi Bossan mbele ya dada yake, akamwambia kuanzia leo nyumba hii ni ya kusema, na shangazi Enegul, akiwa shahidi bila kuombwa, hakuwa na la kufanya ila kukaa na kula. Alikula vizuri tu.

Watu walipokwisha kunawa, mtoto wa Bossan, wa miezi saba, akaamka chumba cha pili, akaletwa. Mzee alinyoosha mikono. “Nipe huyo,” akasema, akampakata.

“Kila anayeingia hapa ananiambia mtoto anafanana na mimi,” akasema. “Mimi najibu ahsante. Sijamwona, Bossan. Naona kitu cheupe kinacheka. Wewe sasa nakuamini, niambie, huyu anafanana na nani?”

Bossan alikuwa na jibu tamu ulimini. Akamtazama mtoto vizuri kwanza.

“Uso ni wa mama mkwe, baba. Pua yangu. Kwako amechukua masikio basi.”

“Masikio yangu yakoje?”

“Yamejitokeza.”

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, na shangazi Enegul naye, aliyekuja kugomba, akamfuata. Fundi Tagan alilishika sikio la mtoto kati ya kidole gumba na cha shahada, akalipitia ukingo wake wote, polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha.

“Na macho yake?” akauliza.

“Meusi,” Bossan akamwambia. “Anakutazama wewe, baba. Tangu ulipompakata hajatazama pengine.”