Nyumba Iliyoelekea Butembo

Asubuhi moja ya mwaka 1978, mjini Bunia, Katsuva alifungua mlango wa nyuma ili amwage maji ya kunawia, akayamwaga juu ya viazi vitamu vya jirani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na nyumba yake ilikuwa imesogea. Alphonsine, mwenye viazi, alisimama na jembe mkononi akiitazama.

"Papa Katsuva, nyumba yako ilikanyaga bilazi yangu."

"Ni mvua, mama. Udongo ya hapa inateleza."

Katsuva aliuza sabuni na chumvi sokoni, kwa hiyo alimlipa sabuni, wakaagana vizuri.

Tangu siku hiyo, kila mvua iliponyesha nyumba ilijikokota kidogo, kuta na bati na vitanda, bila kuvunja hata kikombe. Na ilikuwa ikipanda mlima. Udongo unaoteleza kwenda juu haujapata kuonekana Ituri, lakini mtu akishashikilia neno lake, utamfanya nini? Watoto wake walipotoka shule waliwauliza majirani kwao ni wapi leo. Katsuva aliifunga nyumba kwa kamba ya chuma kwenye mti wa avoka. Mvua iliyofuata, mti nao ukaenda.

Mtaa mzima uliona inakoelekea. Ilikuwa inaifuata barabara ya Komanda, ile inayokwenda kusini hadi Beni na Butembo, na Butembo ndiko Katsuva alikozaliwa. Baba yake alimwachia huko shamba la kahawa. Siku chache baada ya mazishi kaka yake mkubwa, Mathieu, aling'oa miti ya mpaka, akaanza kulilima kama lake. Katsuva hakugombana naye. Alisema shamba si kitu, akafunga mizigo, akaja Bunia, na mtu akimuuliza kwao alijibu, "Kwetu ni hapa. Kule sina hamu nayo." Neno hilo alilisema huku anacheka, vizuri mno, hata mwenyewe akaliamini. Mficha maradhi kilio humfichua. Huyu alifichuliwa na nyumba.

Ilipofika kando ya barabara, mkewe Angélique aliketi naye mlangoni jioni, wakichambua maharagwe.

"Nyumba haina kinywa, lakini inasema," akamwambia. "Sema na weye."

Katsuva aliendelea kuchambua mpaka ungo ukawa safi.

"Ninataka kwetu," akasema. "Ninataka shamba ya baba. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma."

Akalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake, na Angélique hakumnyamazisha. Usiku ule mvua ilipiga sana. Nyumba haikusogea.

Juma lililofuata alipanda lori la mizigo hadi Butembo. Mathieu alimpokea kwa furaha ya kweli, akamchinjia kuku, akampa kiti kizuri kuliko vyote.

"Yaya, ile shamba ni yangu," Katsuva akamwambia kaka yake. Hakuwa amewahi kumtamkia maneno hayo.

"Najua," Mathieu akajibu. "Kula kwanza, chakula inapoa."

Wakala. Mathieu ndiye aliyevuna kahawa mwaka ule, na miaka iliyofuata.

Katsuva alirudi Bunia. Nyumba ilibaki palepale barabarani, madereva wakazoea kusimama hapo kununua sabuni na chumvi, na biashara yake ikawa nzuri kuliko zamani za sokoni. Mtu akimuuliza kwao, alijibu Butembo, wala hakucheka. Hamu haikupungua. Sasa aliijua tu kwa jina lake, akalala nayo na kuamka nayo.

Msimu wa maua ulipofika, lori kutoka kusini lilisimama mbele ya mlango, naye akatoka kumuuliza dereva kama kahawa ya Butembo imechanua.

"Imechanua, papa. Mulima yote iko mweupe."

"Aksanti," alisema Katsuva, akabaki amesimama barabarani hata baada ya lori kuondoka.