Orpha Haugen Juu ya Kiraka cha Tuta

Jumamosi ya karamu ya kambale, Orpha Haugen alikuwa anamenya viazi kwenye uwanja wa kivuko pale miguu yake ilipoachana na nyasi. Mississippi ilikuwa inapanda tangu alfajiri, na mto ukipanda, Orpha naye hupanda. Ilikuwa hivyo tangu awe mjane. Jirani yake, Gus Tiedemann, akafuta mafuta ya samaki mikononi, akamfunga kamba ya kuanikia nguo kiunoni, akashika ncha ya pili.

"Umevaa sweta, bibi wewe? Huko juu kuna upepo."

"Nimevaa. Wewe angalia samaki, mwaka jana ulitulisha mkaa."

Kwa kawaida huishia usawa wa mapaa. Mwaka huu maji yalikuwa mengi, ikabidi Gus aunge kamba nyingine, na Orpha akauona mji wote wa Kessel Landing kama kitambaa cha meza: mto wa rangi ya chai ya maziwa, kanisa jeupe kilimani, maghala ya nafaka, na tuta refu la udongo linalozuia maji. Nyuma ya tuta, pale palipokuwa Mtaa wa Chini na nyumba yake, sasa kuna ngano.

Mtaa ule ulikwenda na mafuriko makubwa. Tuta lilivunjika usiku wa zamu ya Norbert, mumewe, kulilinda, na Norbert akaenda nalo. Mji wa juu ukapona. Ikasemwa alilala. Kila karamu tunasoma majina ya waliojaza mifuko ya mchanga, yaliyochongwa kwenye jiwe hapo kivukoni, na la Norbert halimo. Orpha huomba kila mwaka liongezwe. Kila mwaka huambiwa, kwa upole sana, kwamba aliyelala haandikwi pamoja na waliokesha.

Basi akatazama tuta. Maji yakivunja tuta hulitafuna. Kiraka walichozibia pale lilipovunjika kilikuwa na kingo zilizonyooka, kama keki iliyokatwa kwa kisu. Na kwenye ngano kulikuwa na mistari miwili ya kijani kilichopauka, mahali magurudumu mazito yaliposhindilia udongo zamani. Ukiwa chini huioni.

"Gus! Tuta halikuvunjika, lilikatwa!"

Kwenye foleni ya samaki hakuna aliyegeuka.

"Njia ya trekta inatoka kwenye ghala la mbao la baba yako, Lorna!"

Meya Lorna Pruett, aliyekuwa anagawa saladi ya viazi, akakinga jua kwa mkono. "Tunajua, Bibi Orpha. Ilikuwa ama mtaa wenu, ama mji mzima. Shuka ule, chakula kinapoa."

"Na Norbert alikuwa amelala?"

Meya akamwongezea mtu saladi.

"Alikuwa macho," Gus akasema. "Tulimwambia atoke tutani. Akasema huko chini kuna watu vitandani, akakimbia kuwaamsha."

"Tulimwambia? Na wewe ulikuwepo?"

Gus akaitazama kamba. "Nilishika taa."

Upepo ukampeperusha Orpha kidogo upande wa mashariki, ukamrudisha.

"Basi liandikeni jina lake."

"Jiwe limejaa," akasema meya.

Jiwe bado lilikuwa na nafasi tupu ya majina sita na sala fupi. Kutoka juu lilionekana vizuri.

"Gus, achia kamba."

"Acha utani. Nikiachia utashuka vipi?"

"Taa uliishika vizuri. Hii achia."

Gus akaachia.

Mwezi wa sita mto ulishuka. Orpha hakushuka. Yuko angani juu ya kile kiraka, ameelekea kusini, na manahodha wa matishari wanamtumia kama alama ya kona. Kamba inaning'inia hadi usawa wa mkono; asubuhi Gus hufunga chupa ya kahawa, Orpha huivuta, wala hawasemeshani.

Karamu tunaendelea nayo. Majina yakishasomwa, sauti hutoka juu, haina haraka: Norbert Haugen. Tunanyamaza, uma mkononi, kama tunavyosubiri treni ya mizigo ipite katikati ya mazungumzo. Ikishapita, mtu huomba apitishiwe chumvi.