Namba ya Mtoto Mzima

Daktari wa watoto kaandika: "Mtoto mfupi, mzima, kamfuata mama yake kwa kimo." Sasa mimi, ambaye kazi yangu ni kuingiza namba za magonjwa kwenye kompyuta, niweke nini? Bila namba, faili halifungwi. Upungufu wa homoni ya ukuaji una namba. Mifupa isiyorefuka ina namba. Uzima hauna! Nimesaka mpaka macho yameniuma.

Nikampigia daktari simu.

"Weka yoyote iliyo karibu," akasema, akakata.

Karibu na uzima kuna ugonjwa gani, jamani?

Mama mtu alikuwa anasubiri dirishani, bintiye kasimama juu ya kiti ili anione.

"Dada, mwanangu ana nini?"

"Hana kitu, mama. Namtafutia namba ya ugonjwa tu."

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Kidole changu kilishafika kwenye "upungufu wa homoni."

Binti akachungulia ndani, akaona miguu yangu inaning'inia kitini bila kugusa sakafu.

"Shangazi," akauliza, "wewe walikupa namba gani?"