Chupa ya Pili

Kinyozi hakuwa mtu wa kuogopa kichwa cha mtu. Alishanyoa kichwa chenye majipu, kichwa cha mlevi aliyelala kitini, hata kichwa cha mwalimu wake wa zamani wa hesabu, na wote waliondoka bila mkwaruzo. Lakini asubuhi ile alisimama mbele ya nesi, binti yake mgongoni, jasho likimtiririka utadhani yeye ndiye wa kuchomwa sindano.

Binti mwenyewe alikuwa na miezi tisa na siku nne. Mtaa mzima ulimwita Bosi, maana alikuwa akinyoosha kidole tu, watu wazima wanakimbia. Mama yake alikuwa zamu kiwandani, anashona kola za mashati, na kabla ya kutoka alfajiri alisema maneno machache yasiyo na mzaha.

"Baba Bosi, surua imefika nyumba za mstari wa pili pale, mtoto wa fundi redio anayo. Leo mwanangu asipochanjwa, usinipikie na usinisemeshe. Nitapiga simu saa saba."

Basi ndiyo hiyo kazi aliyopewa, na tayari ilikuwa imeota miiba. Nesi alikuja mtaani mara moja kwa mwezi, akiweka meza kwenye kibaraza cha ofisi ya mtaa, boksi la barafu chini ya kiti chake.

"Surua sifungui," alisema.

"Kwa nini tena, dada?"

"Chupa moja ni ya watoto kumi. Nikishaichanganya, baada ya masaa machache haifai, namwaga. Mwezi uliopita nimemwaga dozi nane, nikaulizwa maswali mpaka nikatamani kuzimia. Leo wasipotimia sita, sifungui. Nawaona wawili, na wako akiwemo."

"Na wakitimia?"

"Nafungua. Ila saa saba kamili nabeba boksi langu naondoka."

Ilikuwa saa nne na robo. Kinyozi alikaza kanga iliyomfunga Bosi, akatoka mbio.

Sasa, majina ya watoto wa mtaa ule hakuyajua, ila vichwa vyao alivijua kama vidole vyake. Vichwa vyote vilipita kwenye kiti chake, na kila kimoja kilikuwa na alama yake: hiki kina pembe nyuma, hiki kina visogo viwili, hiki hakitulii. Akapenya uchochoro wa kwanza, akaruka mtaro, akainama chini ya kamba za nguo, huku Bosi akicheka kwa sauti na kumpiga makofi ya kisogo ili aongeze mwendo. Akampata mtoto wa muuza maji. Akampata mtoto wa mshona viatu, akiwa amelala ndani ya karai, akawachukua mama na mtoto na karai lao.

Kwenye kibanda cha mkaa alimkuta bibi mwenye mkaa na mjukuu wake, kichwa kikubwa, kizuri, cha kujivunia.

"Huyu lazima kafika miezi tisa! Twende, bibi, twende!"

Bibi akafunga biashara, akajifuta masizi, akaenda. Nesi akafungua kadi.

"Miezi saba."

"Lakini dada, hebu kitazame hicho kichwa!"

"Kichwa kimetangulia. Umri uko njiani."

Bibi alimgeukia kinyozi. "Umenifungisha duka nije kupimiwa kichwa?" Akaketi pale pale kwenye ngazi, akakataa kuondoka, akasema atakaa aone mwisho wa wazimu huu. Kinyozi aliomba radhi mara tatu, ya nne akiwa tayari anakimbia.

Kufika saa tano na nusu walikuwa wanne. Vichwa alivyovijua vingine havikuwepo. Mama zao walikuwa kwenye vibarua vyao ng'ambo ya mji. Akilini alimwona mke wake akirudi jioni, akimtazama, asiulize kitu. Hapo ndipo akili ikamruka. Akaingia saluni yake, akawasha ile spika ambayo kila siku ilipiga muziki hadi majirani wakalalamika, akashika maikrofoni.

"Halo, halo! Wananchi! Kinyozi wenu hapa! Yeyote atakayeleta mtoto mwenye kadi ya kliniki kwa nesi leo, nyumba yake nzima inanyolewa bure! Nasema bure! Mpaka babu!"

Kosa lilikuwa moja tu: hakutaja umri.

Mtaa ulimwagika. Walikuja mama wenye vichanga, walikuja wenye watoto wa shule, walikuja baba waliokuwa hawajawahi kuishika kadi ile, wakiishika juu chini. Mama mmoja alimkokota mwanawe wa miaka ishirini na mbili, dereva wa toroli, na kadi yake iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni tangu alipozaliwa.

"Kadi si hii? Mtoto si huyu?"

"Mama, naomba twende nyumbani," alisema mtoto.

Nesi alipanda juu ya kiti chake mwenyewe akapiga kelele. Wa surua huku! Wa kunyolewa kule! Kinyozi alipojipenyeza kurudi mbele, nywele zimemsimama na Bosi amepoteza kiatu kimoja, nesi alikuwa ameshafungua chupa, na sindano inakwenda kwa zamu. Alifurahi mpaka akamkumbatia dereva wa toroli. Kisha akahesabu foleni. Mbele yake walikuwa kumi.

"Dada. Na mimi?"

Nesi alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Wewe ni wa kumi na moja. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuletea hawa!"

"Najua. Pole, baba. Nyuma yako wako wawili. Jumla watatu. Chupa ya pili sifungui kwa watatu, na miaka yote niliyokuja mtaa huu sijaifungua hata siku moja."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na tano. Kinyozi alikimbia mtaa mzima, akawapatia watoto wa watu chanjo, na wa kwake amebaki mgongoni. Ilimuuma, na hakuona aibu kuonyesha kwamba ilimuuma.

"Kelele zote zile," alisema bibi wa mkaa kutoka kwenye ngazi, "halafu wako ndiye akose? Sikubali. Nesi, hii surua wanachoma mara ngapi?"

"Mara mbili. Miezi tisa, halafu mwaka na nusu. Wengi hawarudi mara ya pili, wanadhani yameisha."

Kinyozi aliinua uso. Pale uani, kwenye foleni ya kunyolewa, kulikuwa na vichwa visivyopungua arobaini. Mara hii hakutazama ukubwa. Alikumbuka ni mara ngapi alivipitishia mashine.

"Wewe mama! Huyo nimemnyoa mara nne tangu azaliwe. Ana mwaka na nusu!"

"Na miezi miwili. Lakini ameshachanjwa surua."

"Mara moja! Lete kadi! Na wewe, mwenye visogo viwili! Na yule, yule asiyetulia, mshikeni!"

Kadi tatu zikapita juu ya vichwa vya watu, mkono hadi mkono, mpaka mezani. Nesi akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Ya tatu akaisoma mara mbili, akavua miwani, akaivaa tena.

"Sita," alisema. Akainama, akaufungua mfuniko wa boksi, akaitoa chupa ya pili, akaishika juu ili kila mtu aione. "Mtaa huu! Leo mmeniweza!"

Kelele zilizopigwa hazisimuliki. Dereva wa toroli alirushwa juu. Bibi wa mkaa alicheza akiwa ameketi. Na sindano ilipomgusa Bosi pajani, alivuta pumzi ndefu, akafumba macho, akaachia mlio uliowaamsha na wale waliokuwa wameshabembelezwa, na watoto kumi na sita wakalia kwa pamoja.

Simu ikaita.

"Baba Bosi! Amechanjwa?"

"Amechanjwa!"

"Sikusikii! Nani wanalia hivyo?"

"Mtaa mzima!"

"Na wetu?"

"Wetu ndiye anaongoza!"

Mkewe akasema, taratibu, "Mdogo wangu alichukuliwa na surua. Nilikuwa nimempakata mimi, nina miaka minane. Siku ile ya mwisho hakuwa na nguvu hata ya kulia."

Miaka sita ya ndoa, na kinyozi hakuwa akijua.

"Mpe simu mwanangu," mkewe akasema. "Bado nina dakika tano."

Akachuchumaa katikati ya vurugu ile, akaiweka simu mdomoni mwa Bosi, na Bosi akalia kwa nguvu zake zote mpaka kengele ya kiwanda ilipogongwa.